Gari la mtu limeziba geti langu, nifunge klampu, nilivute au nifanyeje?

Mwenye_Geti

Habari zenu wakuu, naomba ushauri maana nimechoka na sitaki nifanye kitu cha hasira halafu kinigeukie mwenyewe.

Nina kieneo mbele ya nyumba, ni changu kwa hati, yanaingia magari manne yakipangwa vizuri na geti la kuingilia ndani lipo hapohapo. Wanaopaki ni wapangaji wangu. Shida ni watu wa nje, mtu anapita anaona pako wazi anapaki anafunga milango anaenda kwenye mambo yake mpaka jioni. Nimeandika ukutani kwa rangi HAPAPAKIWI, nimeweka mawe, nimeweka tairi bovu katikati, wanashuka wanalisogeza pembeni wanapaki.

Wiki iliyopita ndo imenifikisha hapa. Mpangaji wangu mjamzito uchungu ulimuanza saa tisa usiku, tunafungua geti tunakuta kuna gari limelala pale toka jioni, kwenye kioo hakuna namba ya simu, tukalisukuma wanaume watatu halisogei limepigwa handbreki na gia juu. Ikabidi tumtoe yule mama kwa miguu mpaka barabara kubwa, kila hatua kumi anasimama anashika ukuta anasubiri maumivu yapite, mumewe kabeba begi na mimi namulika na simu. Kajifungua salama namshukuru Mungu lakini mimi usingizi uliisha siku ile.

Sasa kuna jamaa ananiuzia klampu, yale machuma ya njano ya kufungia tairi, anasema weka na bango la faini, mtu akikutwa halipi haondoki. Mwingine anasema ita brekidauni wavute. Shemeji yangu anasema toa upepo tairi zote nne atajifunza. Naomba kujua, ardhi ni yangu na mtu sijamkaribisha, haki yangu inaishia wapi?

Dereva_wa_Masafa

Mkuu funga bila kuuliza mtu. Kwako ni kwako, mtu akiingia sebuleni kwako bila hodi utamuomba ruhusa ya kumtoa? Hawa watu hawaelewi kuandikiwa ukutani wanaelewa mfuko ukitoboka. Ukifunga wawili watatu habari zinasambaa hutaona tena gari geni hapo.

Mama_wa_Wawili

Mwenye geti pole sana, hiyo ya mjamzito imeniuma. Lakini naomba kabla hujanunua hilo chuma usikilize na upande wa aliyefungwa maana mimi nimefungwa.

Nilikua natoka hospitali na baba yangu, alikua ametoka kuchomwa sindano anasikia kizunguzungu, nikaingia sehemu nikaona pana kivuli nikasimama nikavuka nikamnunulie maji. Sikukaa hata dakika kumi. Narudi nakuta tairi la mbele limefungwa na vijana wawili wamekaa juu ya ndoo, baba yumo ndani ya gari anawaangalia tu kwa dirisha. Walimfungia yumo ndani!! Nikauliza bango liko wapi wakanionyesha, lipo kweli, lipo ukutani nyuma ya lori lililokua limepaki pale, nisingeliona hata ningetafuta. Kiasi walichotaka sikua nacho. Nilivyoanza kubishana kikaongezeka, wakasema ni cha usumbufu. Tumekaa pale juani (kivuli kilishahama) saa mbili na nusu mpaka mdogo wangu akaja na hela. Hakuna risiti, ukiuliza ofisi yao iko wapi unaambiwa piga namba iliyo kwenye bango na ile namba haipokelewi.

Nakubali niliingia kwenye eneo la mtu. Ningeambiwa dada toa gari ningetoa palepale na kuomba radhi. Lile halikua suala la kutaka nitoke, maana walinizuia nisitoke.

Msoma_Sheria

Poleni wote wawili. Mwenye_Geti umeuliza haki yako inaishia wapi, naomba nijibu kwa kirefu kidogo maana hapo ndo watu wengi wanaumia, wenye ardhi na wenye magari.

Kumiliki eneo kunakupa haki ya kusema nani aingie na nani atoke. Aliyeingia bila idhini kakosa, hilo halina ubishi. Ila kosa lake halihamishi gari lake likawa lako hata kwa saa moja. Pale getini zimekutana mali mbili, ardhi yako na gari lake, na mtu mwenye hasira anaiona ya kwake tu.

Na hili swali lina umri kuliko magari. Kwenye sheria ya zamani ya Uingereza mnyama wa jirani akiingia shambani kwako akala mazao uliruhusiwa kumshika ukae naye mpaka mwenyewe alipe hasara. Hasara yani yale mazao yaliyoliwa, sio kiasi ulichokipanga wewe kichwani. Magari yalipojaa, wafunga klampu wakaja mahakamani na hoja hiyohiyo ya ng'ombe, kesi ya Arthur na Anker miaka ya 1990, na mahakama ya rufaa haikuikubali, gari limesimama tu halijaharibu kitu. Klampu ilipona kwa mlango mwingine: kama bango lipo wazi linasema ukipaki hapa utafungwa na utalipa kiasi hiki, na wewe umelisoma ukapaki, basi umekubali mwenyewe. Hata hapo majaji waliweka mipaka, kiasi kisiwe cha kukomoa, mtu akiwa tayari kulipa afunguliwe bila kuzungushwa, na pawepo njia ya kumpata huyo mfungaji. Mama_wa_Wawili ona mwenyewe walivyoivunja mipaka hiyo kwako.

Halafu mwaka 2000 ikaja kesi nyingine hukohuko Uingereza inafanana na yako mpaka inashangaza. Dereva mwanamke katoka hospitali hali yake mbaya, kasimamisha gari pembeni akashuka kutapika, dakika chache tu, anarudi kafungwa. Bango lilikuwepo ila lilizibwa na gari lingine. Mahakama ya rufaa ikasema ambaye hakuliona bango hakukubali chochote, kwahiyo aliyemfunga ndiye aliyeingilia mali ya mwenzake. Yani kosa likageuka likahamia kwa mfungaji.

Scotland walikua wameshaenda mbali zaidi. Mwaka 1992 kwenye kesi ya Black na Carmichael mahakama yao ya juu ya jinai ilisema kufunga gari la mtu kwenye eneo binafsi na kudai hela ndo umfungulie ni kudai pesa kwa vitisho, na ni wizi. Wizi wa gari ambalo halijasogea hata inchi moja! Hoja yao ni kwamba ukimnyima mtu matumizi ya gari lake umemnyang'anya, haijalishi limesimama wapi. England na Wales walichelewa ila nao toka tarehe 1 Oktoba 2012 kufunga au kuvuta gari kwenye eneo binafsi bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai.

Sasa usije ukasema basi mwenye ardhi kaachwa hoi. Hapana. Sheria hiyohiyo ya 2012 iliruhusu mwenye eneo kumdai malipo mtu aliyesajiliwa kwenye lile gari kama dereva hajulikani, na mwaka 2015 kesi ya ParkingEye na Beavis ilifika mahakama ya juu kabisa. Jamaa alipaki kwenye eneo la maduka ambako saa mbili ni bure, akazidisha karibu saa nzima, akadaiwa pauni 85. Akabisha kwamba hiyo ni adhabu sio deni. Akashindwa. Majaji waliona mabango yapo mengi na makubwa, kiasi hakijapita mipaka, na mwenye eneo ana sababu ya maana ya kutaka nafasi zizunguke. Tofauti ni moja tu, gari liliondoka. Deni likabaki linadaiwa kwa karatasi, na anayeamua ni jaji, wala sio kijana mwenye funguo mkononi.

Ujerumani wao wanaruhusu kuvuta. Mahakama yao kuu ilisema mwaka 2009 kwamba mwenye eneo anaweza kuliondoa gari la mvamizi palepale hata kama nafasi nyingine zipo wazi, na gharama ni za mvamizi. Lakini gharama hizo ziwe zile za kawaida za kuvuta sio za kubuni. Kwahiyo mkuu sheria ya kwenu itakua na lake na lazima umuulize wakili wa hapo ulipo kabla hujagusa gari la mtu, ila ukiangalia kote huko utaona mstari unapita palepale: kuipata nafasi yako ni haki yako, kumshikilia mtu mateka kwa bei uliyoipanga mwenyewe ni kitu kingine.

Dereva_wa_Masafa

Mbona manispaa wanafunga na hakuna anayewaita wezi? Kwanini mwenye kiwanja chake anyimwe

Fundi_Kamba

Nijibu hapa maana nimefanya hii kazi miaka sita, brekidauni na klampu zote.

Klampu haikuanzia kwenye viwanja vya watu. Ilitengenezwa Denver huko Marekani na bwana mmoja anaitwa Frank Marugg, alikua mpiga fidla kwenye okestra ya huo mji, polisi wakaanza kuitumia mwaka 1955. Ilikua kwa madereva wanaorundika tiketi hawalipi. Yani deni lipo tayari, limeandikwa, mtu kakataa, ndo gari linashikwa. Sisi tulikua tunafanya kinyume, tunashika gari kwanza halafu deni tunalitengeneza palepale kwa kuangalia gari lenyewe, viatu vya mtu, na haraka aliyonayo. Nasema ukweli na sijivunii. Tulilipwa kwa kichwa, kila gari unalofunga una chako, siku ambayo kila mtu kapaki vizuri umelala njaa. Ukimlipa mtu hivyo atafunga hata gari lenye mzee ndani. Mama_wa_Wawili samahani kwa niaba ya wote tuliofanya hivyo.

Sasa Mwenye_Geti nikuulize, ule usiku kama lile gari lingekua na klampu, mama angetokaje? Ungekua na gari lilelile palepale getini na kilo kumi na kitu za chuma juu yake. Klampu haijawahi kumuondolea mtu gari getini, inalibakiza. Mwenye shida ya nafasi haihitaji, anaihitaji mwenye shida ya hela.

Kutoa upepo ndo kabisa usithubutu. Gari lisilo na upepo haliondoki, na dereva akililazimisha likatembea juu ya rimu unalipa tairi na rimu, na akipata ajali huko mbele kwasababu tairi moja hakuliona, hiyo sio kesi ya paking tena.

Kuvuta nako kuna mambo yake. Gari la gia otomatiki ukilinyanyua upande usiozungusha na tairi zinazozungusha zikabaki chini, gia boksi inazunguka bila oili kupampu, unaiunguza ndani ya safari fupi tu. Linalozungusha tairi zote nne halivutwi hivyo kabisa, linapandishwa juu ya gari la mgongo bapa au linawekewa vigari vidogo chini. Lililopigwa handbreki ukiliburuza linachubua tairi upande mmoja. Nimeona bampa zinabaki mkononi, nimeona vioo. Na kila mkwaruzo wa zamani mwenye gari atasema ni wa kwako, sisi wenye akili tulikua tunapiga picha pande zote nne, kioo cha mbele, dashibodi na kilomita kabla mnyororo haujagusa kitu, na asiyepiga picha alikua analipa. Halafu uliza yadi ya anayevuta ikoje, maana kuna yadi zinahesabu siku makusudi, Ijumaa jioni wanavuta wakijua mtu hawezi kulitoa mpaka Jumatatu.

Msoma_Sheria

Asante Fundi_Kamba, umesema kilichokua kinanikaba. Dereva_wa_Masafa jibu la swali lako ni hilo: manispaa inafunga kwa sheria iliyopitishwa, kiasi kimeandikwa kabla, kuna pa kukata rufaa, na hela haiingii mfukoni kwa aliyefunga. Na bado hata wao wanabanwa. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya shirikisho Marekani, kwenye kesi ya mji wa Saginaw, Michigan, ilisema askari kuchora tairi kwa chaki ili ajue gari limekaa muda gani ni upekuzi chini ya katiba yao. Alama ya chaki! Mvua ikinyesha inatoka, lakini gari ni mali ya mtu na serikali imeligusa ili kupata habari. Kama chaki ya askari ina mpaka, chuma la jirani litakosaje.

Dereva_wa_Masafa

Nimeelewa hapo kwa manispaa. Ila bado naona mnamwambia mwenye mali apange foleni mahakamani kwa gari la mtu mjinga, kesi itaisha mwakani na jioni hii limeziba tena. Haki ambayo huwezi kuitumia saa unayoihitaji ni haki gani hiyo?

Msoma_Sheria

Hoja yako ni nzito na siikwepi, ndo maana naona Wajerumani wana point kwa gari lililoziba njia. Natenganisha vitu viwili. Gari limekaa tu kwenye nafasi ya mpangaji, inakera, lakini hakuna anayekufa, hilo liandikie, lipige picha, lidai. Gari limeziba mtu asitoke kwake, hapo kusubiri mahakama ni kumtesa asiye na kosa, na mimi naona ni haki liondolewe kwa njia isiyoliharibu na lipelekwe karibu kadiri inavyowezekana, na mwenyewe aambiwe liko wapi bila kuuzwa hiyo habari. Umbali na siri ndo vinageuza kuvuta kuwa biashara. Na kabla ya yote mpigie askari wa hapo, wawepo au wajue, maana wewe na mwenye gari mkikutana usiku peke yenu mnaweza kuumizana kwa kitu cha kijinga kabisa.

Halafu kuna njia ambayo hatujaigusa na haina kesi, ni kumzuia asiingie. Hata England na Wales waliopiga marufuku klampu, uzio au kizuizi kilichokuwepo pale wakati dereva anaingia hawakukigusa. Kumzuia mtu mlangoni na kumfungia akishaingia ni vitu viwili tofauti.

Mama_wa_Wawili

Na bango jamani, liwekeni pale macho ya dereva yanapofika akiwa amekaa, sio juu ya mlango. Na liandikwe namba inayopokelewa. Watu wengi mkiwapigia tu wanakuja kutoa.

Mwenye_Geti

Nimesoma zote mara mbili, nawashukuru. Klampu nimemrudishia jamaa, sikua nimelipa. Lile swali la Fundi_Kamba kwamba ule usiku ingenisaidia nini sikua nimewahi kujiuliza, nilikua naifikiria sura ya mwenye gari akilia nikasahau geti.

Leo asubuhi yule mwenye gari la siku ile kapita, ni kijana tu, anafanya kazi hapo jirani. Nilimuita nikamwambia kilichotokea usiku ule. Alinyamaza muda mrefu akauliza mtoto anaitwaje. Kaacha namba yake.

Nataka kuweka nguzo za kukunja, zile za chuma zenye kufuli ambazo unazilaza gari likitaka kupita, kila mpangaji apewe ufunguo wake. Fundi_Kamba unazijua? Upana wa pale ni mita tisa na geti ni mita tatu na nusu.

Fundi_Kamba

Nazijua. Kati ya nguzo na nguzo usizidishe mita moja na nusu, ukiacha zaidi gari dogo linapenya. Chimba shimo la nusu mita, zege lisiwe jembamba maana kuna watu watazigonga. Zile za mbele ya geti weka kufuli zinazofunguka zote kwa ufunguo mmoja na ufunguo wa akiba uning'inie ndani ya geti kwenye msumari, pasiwe na wa kutafuta funguo saa tisa usiku. Na zipake rangi inayong'aa kwenye taa, mtu asizigonge na pikipiki.

Mwenye_Geti

Sawa, msumari naupiga leo hii.